Sahani Mbili za Ma Lindiwe

Tuliporudi kutoka makaburini tulikuta beseni la maji langoni, kipande cha mshubiri kikielea ndani yake kama ilivyo desturi ya watu wa huku, na kila aliyeingia uani alinawa kwanza. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Musa, mtoto wa marehemu, amevaa sare ya jeshi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikaweza kukata mkate. Nilikuwa nimemlilia mama yake tangu alfajiri. Nilikuwa nimebeba jeneza. Sasa mimi ni mtu mwenye watoto watatu na cheo kidogo kanisani, lakini nilipoinama kunawa macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye viatu vyake, vyeusi, vinang'aa, na kitu cha zamani kikanichoma chini ya mbavu. Nilikuwa nadhani kimekufa. Kumbe kilikuwa kimelala tu, kama paka, kwenye nyumba hii hii ya La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, ambako nilipanga chumba cha uani nikiwa sijafika miaka thelathini.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni 2017. Mchana au usiku, kadiri ya zamu, nilikuwa nalinda mlango wa jengo moja la ofisi kule Sandton, na siku zangu za mapumziko nilizimaliza jikoni kwa Ma Lindiwe, mwenye nyumba wangu, huyu tuliyetoka kumzika. Chumba changu kilikuwa na kitanda na dirisha linalotazama ukuta. Jikoni kulikuwa na jiko la umeme lenye sahani nne, moja tu ikiwaka vizuri, na meza iliyofunikwa plastiki yenye picha za malimau. Ma Lindiwe alikuwa Mzulu, mjane wa Mtanzania aliyefariki zamani, na kwangu alisema Kiingereza cha polepole. Kiswahili cha mumewe nilidhani amekwisha kukisahau, maana hata nilipomsalimu kwa lugha hiyo alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Alinipa chakula kila alipopika, ingawa kwenye kodi hakukuwa na neno la chakula. Papu, ugali wa huku, na kabichi, papu na maharage, na Ijumaa ambapo mwanawe amepata ruhusa ya kutoka kambini, maini ya kukaanga. Sahani yangu ilikuwa sawasawa na ya Musa, vipande kwa vipande. Niseme ukweli, hilo nalo liliniudhi. Mtu akikunyima, unapata la kulalamika. Akikupa sawa na mwanawe, huna hata hilo.

Musa alikuwa koplo, mdogo wangu kwa miaka mitatu. Alizaliwa Johannesburg, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota: alielewa karibu yote, akajibu kwa Kizulu na Kiingereza, na katikati akaweka maneno machache ya baba yake kama mtu anayeweka chumvi. Aliniita Bra Paluku, yaani kaka. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na mvivu wa kusoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Bahati mbaya, mwaka ule yeye na wenzake kambini walikuwa wanaanzisha chama kipya cha kuwawakilisha wanajeshi, nao walimchagua yeye kuwa katibu kwa sababu alikuwa na sauti kubwa.

Najua msomaji wa kwetu akisikia kwamba wanajeshi wana chama, atacheka kwanza. Mimi pia nilicheka. Basi nieleze kama nilivyoelezwa, maana si jambo gumu. Huku mahakama iliamua zamani kwamba askari ni raia aliyevaa sare, wala sare haimvui uraia. Anaweza kujiunga na chama kinachomsemea. Hawezi kugoma, wala kwenda kwenye mkutano wa chama akiwa amevaa sare. Na chama chenyewe hakikai mezani na wakubwa mpaka kiandikwe kwa msajili, kiwe na katiba yake na wanachama wa kutosha. Kikishakaa mezani, kuna mambo kinaruhusiwa kujadili: mshahara, posho, likizo, nyumba, chakula, viatu, namna malalamiko yanavyosikilizwa. Na kuna mambo hakigusi: nani atumwe wapi, lini, kufanya nini. Amri haijadiliwi. Yanayomzunguka anayetii amri hiyo ndiyo yanayojadiliwa. Ukishika tofauti hiyo, umeshika yote.

Musa hakuishika kwa miezi miwili. Aliniletea kabrasha la kanuni, akasinzia ukurasa wa tatu. Nikalichukua kazini, nikalisoma kwenye zamu zangu mstari kwa mstari, na Jumamosi moja nikamwomba Ma Lindiwe sahani mbili za bati, moja nyeupe na moja ya bluu, na kikombe cha maharage mabichi. Nyeupe ni yanayojadiliwa, nikamwambia Musa, bluu ni yasiyojadiliwa. Nikamwekea punje moja mkononi. Viatu vinavyopasuka? Akaitupa kwenye nyeupe. Siku ya kuondoka kwenda kulinda amani? Akafikiri, akaitupa kwenye bluu. Posho ya huko ugenini? Nyeupe. Chandarua? Nyeupe. Kumkataa luteni usiyempenda? Akacheka sana, akaiweka bluu kwa masikitiko. Toka siku ile tulifanya hivyo kila Jumamosi. Baadaye akawa anawafundisha wenzake kambini kwa vifuniko vya chupa, na wakamwona mtaalamu. Mimi nilifurahi, kwa sababu kuelewesha mtu ni furaha ambayo sijapata nyingine inayofanana nayo. Na papo hapo nilikuwa ninaungua.

Maana mimi pia nilikuwa askari, kwetu mashariki ya Kongo, katika kikosi ambacho sitakitaja. Siku moja niliandika barua kwa mkono wangu, kwa heshima zote, nikiomba viatu kwa ajili ya wenzangu saba waliokuwa wanafanya doria na ndala. Sikuomba mshahara. Kamanda wetu aliisoma barua mbele ya kikosi kwa sauti ya kuigiza, watu wakalazimika kucheka, kisha nikawekwa siku tatu kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo ambacho hakijamalizika. Mvua ilinyesha siku ya pili. Sikumweleza Musa habari hizo. Nilikaa tu kwenye meza ya malimau nikamsikiliza akipiga simu kwa sajini wake, miguu juu ya kiti, akilalamika kuhusu soli za viatu vilevile, kwa sauti, kisha anakata simu na kumwambia mama yake aongeze chai. Nilionea wivu viatu, ndiyo. Lakini zaidi nilionea wivu lile lalamiko. Kwamba mtu aweze kusema viatu vyangu vinapasuka, halafu anywe chai.

Kilichozidi ni hiki. Musa alikuwa ametumwa Kongo mwaka uliotangulia, pamoja na walinda amani, na kambi yao ilikuwa mwendo wa saa chache kutoka kijijini kwetu. Alikuwa na picha kwenye simu. Nilimwomba anionyeshe, kisha nikatamani nisingemwomba. Hapo barabara ya udongo mwekundu ninayoijua kila kona yake. Hapo mama mmoja anauza lengalenga, mchicha wa kwetu, na ndizi za kupika, na nyuma yake mlima ambao nikiwa mdogo niliamini ndiyo mwisho wa dunia. Mimi siwezi kurudi huko, na sababu zake si za simulizi hii. Yeye alikwenda, akala mboga zetu, akaugua malaria, akarudi. Na sasa Jumamosi baada ya Jumamosi alikuwa anasema kwamba yeye na wenzake hawataki kurudishwa tena. Alisema mvua ya kule ni ya wazimu, matope yanakula viatu. Alisema, "Bra Paluku, hiyo nchi yako, eish." Akatikisa kichwa kwa huruma. Ningekwenda kwa magoti.

Rafiki yangu Kasereka, fundi cherehani wa Jeppestown, ndiye aliyeliona mapema. Chama kilikuwa kimempa kazi ya kushona fulana zake za mikutano, na siku moja nilikwenda kwake kupeleka vipimo. Alikuwa ameshikilia pini mdomoni, ananisikiliza nikieleza jinsi Musa alivyo mvivu, jinsi anavyosifiwa kwa maneno yangu, jinsi asingejua kitu bila mimi. Akatoa pini moja, akaichoma kwenye kola.

"Ya Paluku," akasema, kama tunavyomwita kaka kwetu, "huyu mtoto alikuibia nini?"

Nikasema hajaniibia kitu.

"Basi mbona unamuhesabia kama mwizi? Chunga sana. Wivu ni kutaka ya mwenzako. Hiyo yako imeshapita hapo, iko kwenye kijicho."

Nikamwambia ashone fulana zake. Akacheka, akasema fulana ya saizi yangu angeiandika kifuani "Mshauri". Nilicheka pia. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nililirudia lile neno "Mshauri" kichwani mwangu kutoka Jeppestown mpaka La Rochelle, na ukweli ni kwamba nilikuwa nalitaka.

Ilikuwa Agosti, upepo wa vumbi ule unaofunga mwisho wa baridi. Chama kilikuwa kimeitwa kupeleka orodha yake ya kwanza ya mambo ya kujadili, na upande wa wakubwa ungeamua kwa orodha hiyo kama watu hawa wanafaa kukaliwa nao mezani. Wakili aliyekuwa akiwasaidia bure alikuwa safarini. Orodha ilitakiwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi Musa aliileta mezani, tukaipitia kwa sahani zetu. Viatu, nyeupe. Vyandarua, nyeupe. Simu za kupigia familia ukiwa ugenini, nyeupe. Tulikuwa tumemaliza karibu yote, na Ma Lindiwe yuko kwenye jiko ametupa mgongo, anakoroga papu. Halafu Musa akachukua punje ya mwisho, akaizungusha kati ya vidole. Wanachama walikuwa wameongeza jambo usiku uliotangulia, akasema, wote kwa pamoja, na wengine wakilia. Liliandikwa hivi: wanachama hawatakubali kupelekwa Kongo mara ya pili mfululizo.

"Hii moja, Bra Paluku. Sahani gani?"

Nilijua. Naomba msomaji asinitafutie njia ya kutokea hapa. Nilijua kwamba vilevile lilivyoandikwa, neno lile lilikuwa la bluu, tena bluu ya katikati kabisa: askari anayesema sitaenda. Nilijua pia kwamba uchungu uliomo ndani yake ulikuwa wa haki, na ulikuwa na mahali pake halali kwenye ile nyeupe. Wangeweza kudai miezi ya mapumziko kati ya safari na safari. Wangeweza kudai askari atazamwe na daktari kabla ya kurudishwa, na apewe muda wa kumpangia mama mgonjwa au mtoto mchanga. Hayo yote yanajadiliwa. Kueleza kungechukua dakika tano, na kueleza ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Lakini nilimwona amekaa pale, miguu juu ya kiti, anakataa kwenda kwetu. Nikataka ajue inakuwaje kuomba na kurushiwa karatasi yako usoni. Mara moja tu. Nilijiambia ni mara moja tu.

"Hiyo ndiyo iliyo mioyoni mwa watu wako," nikasema. "Iweke nyeupe."

"Sure? Mimi nilifikiri ni bluu."

"Mwakilishi asiyesema yaliyo mioyoni mwa watu ni wa nini, mdogo wangu? Andika vilevile."

Nilisema kwa upole. Ilikuwa sauti ileile niliyomfundishia miezi yote ile, ya kumtia moyo, na ndiyo sababu aliiamini. Punje iligonga bati. Ma Lindiwe aligeuka, akaitazama sahani nyeupe, akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Orodha ilirudishwa wiki hiyohiyo, yote, mstari mmoja umezungushiwa wino. Waliambiwa kwamba watu wanaoleta amri mezani bado hawajaelewa meza ni ya nini, na warudi watakapoelewa. Viatu vikaanguka na huo mstari, vyandarua vikaanguka, simu zikaanguka. Wanachama wakaingiwa na hofu, wakamwondoa Musa ukatibu. Chama hakikufa. Mwaka uliofuata kilikaa mezani, na mapumziko kati ya safari na safari yalikuwa jambo la kwanza kukubaliwa. Lakini kundi la Musa lilikuwa limekwisha kuondoka. Alipata amri mwezi wa kumi, mara ya pili mfululizo, mwaka mzima. Nilimsaidia kufunga begi. Nilitegemea anilaumu, na angenilaumu ningekiri palepale, nafikiri. Akasema tu, "Mimi ndiye nilishika kalamu, Bra Paluku. Sharp, hakuna shida." Akaniachia mama yake nimwangalie.

Ma Lindiwe alipooza upande wa kulia kabla ya Krismasi. Nilimkuta asubuhi sakafuni karibu na jiko. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, niliyempigia Musa simu ambayo mara tisa kati ya kumi haikushika, maana kule walipangiwa zamu za kupiga na mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko aliporudi nyumbani. Mtaa wote ulinisifu. Mhubiri alinitaja kanisani. Kila sifa niliimeza kama dawa chungu, na usione ajabu nikisema kwamba hata wakati huo nilimwonea wivu Musa, kwa sababu mama huyu, kila mlango ulipolia, aligeuza macho kumtafuta yeye.

Siku moja mwezi wa pili nilikuwa namlisha uji. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, machache, ya Kizulu. Akaushika mkono wangu kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto, kijiko kikiwa njiani. Akasema kwa Kiswahili cha mumewe, kile nilichodhani amekwisha kukisahau:

"Ulijua."

Aliningoja. Uji ulipoa kwenye kijiko. Kisha akauachia mkono wangu, akafungua mdomo, nikamlisha. Aliishi miaka mingine kadhaa. Hakurudia lile neno, hakuninyima sahani hata siku moja, wala hakumwambia mwanawe. Hilo la mwisho nililijua kwa namna Musa alivyonikumbatia aliporudi, akiwa amekonda, akinishukuru kwa ajili ya mama yake mpaka machozi yakamtoka. Mwaka uliofuata nilihama. Nilisema ni kwa sababu ninaoa.

Na sasa kwenye mazishi, mbele ya watu wote, Musa alikuwa amesimama na kusema kwamba yeye leo ni sajini, anakaa mezani kuwasemea askari wenzake, na kwamba yote hayo alifundishwa na kaka yake Paluku kwa maharage ya mama. Watu walipiga makofi, jambo lisilofanywa sana mazikoni. Lile neno nililolitaka kutoka Jeppestown mpaka La Rochelle nilikuwa nimepewa.

Nilimfuata langoni, kando ya beseni, watu walipokwenda kuchukua chakula. Nilimweleza. Nilieleza kama ninavyoeleza kila kitu, kwa mpangilio, tangu punje ya mwisho mpaka kijiko cha uji, na nilijichukia kwa jinsi nilivyoeleza vizuri. Alisikiliza akiwa ametazama maji. Nilipomaliza, binamu mmoja akaja kumwita, naye akamrudisha kwa ishara ya mkono.

"Alianguka hapo jikoni," akasema, "na mimi nilikuwa kwenye matope."

"Ndiyo."

"Na Mama alijua."

"Alijua."

Nilianza kusema neno la kuomba msamaha. Akainua kiganja, kama anavyofanya, nadhani, mezani kwake.

"Hiyo hatujadili leo, Bra Paluku."

Akaondoka, viatu vyake vikisaga changarawe. Nilibaki pale nikiwaza kama nichukue koti langu. Kwetu, mtu akikwambia hivyo, unakwenda bila kuaga. Nilikwisha kulivaa nilipomsikia ananiita kutoka mlango wa jikoni, si kwa sauti ya rafiki wala ya adui. Alisema kuna askari wawili wapya wa chama wamekuja kuzika, hawajaelewa nini kinakaa mezani na nini hakikai, na Jumatatu wana kikao. Maharage yapo mahali pake.

"Waeleze," akasema. "Safari hii yote."

Meza bado ilikuwa na plastiki ile ya malimau, imepauka. Vijana wawili walisimama niliposogea. Nikawaomba wakae, nikashusha sahani mbili kutoka rafuni, nyeupe na bluu, rangi zake zimebanduka pembeni. Musa aliegemea mlangoni, mikono kifuani, akanitazama vidole. Nikachukua punje ya kwanza, na kabla sijaanza na viatu kama zamani, nikaanza na mapumziko kati ya safari na safari.